Vidole Vitatu Chini ya Taulo

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali, ndugu zako wamekuleta kwa nguvu, na unamtazama kila anayepita ukijiuliza ametumwa na nani, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wasome wakitaka. Sitakuambia uache shaka. Mimi mwenyewe ninayo mpaka leo, na mtu akiniletea chai nisiyoiomba namtazama mara mbili. Nitakueleza tu yaliyonipata, kisha upime mwenyewe.

Naitwa Dekow. Kazi yangu ni udalali wa mifugo hapa Garissa, tangu sijaota ndevu. Kwetu dalali hapigi kelele. Bei haitajwi mbele za watu, maana soko lina masikio. Unamshika mnunuzi mkono, unaifunika mikono yenu kwa shuka, halafu vidole ndivyo vinavyozungumza. Kidole kizima kina maana yake, nusu kidole ina yake, na vidole vitatu vina yake. Macho yanatazama pembeni, mdomo unaulizia habari za mvua. Mkikubaliana, mnabanana. Msipokubaliana, dalali anafungua kiganja chake na kukilaza wazi juu ya chako, yaani mnyama huyu hauzwi, anarudi kwa mwenyewe. Hayo yaweke akilini, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Ugonjwa wangu ulianza kabla ya vita, kiangazi kimoja kirefu, kisimani. Nilisikia watu wakinijadili ng'ombe wakinywa maji, na nilipogeuka hapakuwa na mtu ila ng'ombe. Ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Habiba, mke wangu, alikuwa ananiketisha chini na kuniambia, "Dekow, hakuna anayekufuata. Kunywa maziwa ulale." Nami nilikuwa namwamini, angalau mpaka alfajiri.

Kisha vita vya shifta, vya serikali na watu wetu, vikaja na mji mzima ukawa kama mimi. Majirani walishusha sauti mtu akipita. Kwenye kivuko cha mto askari walitazama karatasi yako, wakakutazama uso, wakaitazama karatasi tena. Maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Habiba hakuweza tena kuniambia kwamba hakuna anayetufuata, kwa sababu kweli tulikuwa tunafuatwa. Niambie, mgonjwa kama mimi angejuaje shaka ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya akili timamu?

Siku moja sokoni nilimshika mkono mnunuzi mmoja, mtu mwema, mteja wangu wa miaka. Vidole vyake vilinibonyeza kama siku zote, lakini mimi nilisikia vinasema jambo jingine kabisa. Sikumwachia. Nikasimama naye, shuka imetuanguka, nikapaza sauti kwamba huyu ni jasusi, na askari wamesimama pale pale langoni. Enzi zile neno hilo lilitosha kumpoteza mtu. Alichukuliwa akahojiwa siku mbili. Alirudi mzima, alhamdulillahi, ila tangu siku hiyo akiniona alivuka njia. Na soko zima likaficha mikono.

Nuur, kaka yake Habiba, alikuja juma lile lile. Nuur si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni na bakora yake, Habiba akifunga mizigo huku analia, na binti yetu Kaltuma amejishikilia kwenye nguo ya mama yake. Walikuwa wanakwenda kukaa naye kwenye kile kijiji cha ua wa miiba ambako serikali ilikuwa imewakusanya watu.

"Shemeji," aliniambia, "siku mtu yeyote pale sokoni atakapokupa tena mkono wake chini ya shuka, njoo umchukue mkeo. Kabla ya hapo usije."

Nilimwona ametumwa.

Aliyenipeleka hospitali ni Farah, binamu yangu na mwenzangu wa kazi. Tulikaa kwenye korido tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kushoto kwangu mama mmoja na mtoto mwenye kikohozi, kulia mzee mwenye mguu uliofungwa na askari ameketi karibu naye. Kila jina lililoitwa halikuwa langu. Farah aliniwekea mkono begani muda wote ule, akasema ni upendo. Mimi niliona ananizuia nisikimbie. Siku hizi nadhani ilikuwa yote mawili.

Nikalazwa wodi ya nyuma, wanaume saba, wote wa ugonjwa wa kichwa wa miaka mingi. Tulikula vidonge, tukalala, tukavuta sigara, tukatafuna miraa tukiipata, tukakaa tunatazama ukuta. Mwili ulikuwa umelegea. Niliongeza uzito wa tumbo nikapoteza wa miguu, mdomo ulikuwa mkavu mchana kutwa, na mikono ilianza kutetemeka. Hilo la mikono lilinitia hofu kuliko sauti zote. Dalali ambaye mkono wake unatetemeka chini ya shuka anasema asilolikusudia.

Ndipo alipoletwa dresa mpya, yaani msaidizi wa daktari, Mwangangi, mtu wa Ukambani, kijana mwembamba mwenye saa kubwa ya mkononi. Huyu alikuwa na jambo moja kichwani, kwamba mgonjwa wa akili naye ana mwili. Siku ya kwanza alitusimamisha uani akatuambia, "Wazee, hapa mnatibiwa kichwa tu, na huku chini mnaoza. Watu wa maradhi haya hufa kwa moyo, kwa mapafu, kwa meno mabovu, na mtu anasema ni wazimu umemuua. Kuanzia kesho tunaangalia vyote."

Akaleta ratiba yake. Asubuhi, kuzunguka ua mara nne, halafu kunyoosha mikono na miguu. Kila Jumatatu, kupanda mzani. Kila siku, mswaki, na yeye mwenyewe anatupitia mmoja mmoja: "Fungua kinywa, Bwana Dekow." Nyuma ya wodi akatupimia vijaruba vya mchicha, tumwagilie na tule. Sigara akataka tupunguze moja kila juma. Guhad, jirani yangu wa kitanda, alinung'unika kwamba majani ni ya mbuzi, naye hajawahi kuwa mbuzi hata katika miaka yake mibaya. Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana tayari nilikuwa nafikiri.

Fikiri nawe. Serikali hii inapigana na watu wangu. Imeshika ng'ombe wa watu wangu. Leo inawalisha Wasomali saba nyuma ya hospitali, inawatembeza, inawapima, inawatazama meno. Nani hutazama meno? Mimi nimetazama meno maisha yangu yote. Unamfungua mnyama kinywa ujue umri wake. Unamtembeza uone kama anachechemea. Unampa majani mabichi majuma mawili matatu, ngozi ing'ae. Hakuna anayemfanyia mnyama hayo yote ili amweke.

Halafu likaja la mkono. Tulipomaliza kuzunguka ua, Mwangangi alikuwa anatupa kila mmoja taulo ajifute jasho, kisha anakaa naye kwenye benchi. Taulo likiwa bado juu ya mkono wangu, akaingiza mkono wake chini, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu. Macho yake hayakunitazama, yalitazama pembeni, kwenye saa. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Kisha akaachia, akaandika namba kwenye karatasi, akaenda kwa Guhad kufanya vile vile.

Alikuwa anashika juu kidogo ya mahali panapostahili, nikasema huyu bado mgeni kwenye kazi. Lakini vidole vitatu ni vitatu, na kitambaa ni kitambaa. Nikajua tunauzwa.

Mnunuzi nilimpata siku hiyo hiyo. Kulikuwa na sajenti mmoja aliyekuja mara kwa mara kufungwa kidonda chake cha kiwiko, na akimaliza alisimama kwenye uzio kuvuta sigara huku anatutazama tukitembea. Ukiwa na macho ya dalali, mtu anayesimama kwenye uzio akiangalia miguu ya wengine ni mnunuzi, huhitaji kuambiwa. Nilimweleza Guhad. Guhad alifikiri sana, akasema labda anavuta sigara tu. Nikaona naye amelainishwa.

Juma lililofuata Guhad alishikwa mkono asubuhi, akashikwa tena adhuhuri, na safari ya pili vidole vilikaa muda mrefu. Kesho yake akapandishwa lori la msafara wa Nairobi. Mwangangi alituambia moyo wa Guhad una kasoro na anakwenda kwa mabingwa. Sisi sita tuliobaki tukatazamana. Mimi nilijua bei imekubaliwa.

Sasa sikia upumbavu wangu, na usicheke sana kwa sababu ulikuwa na akili yake. Dalali anajua kumpendezesha mnyama, na pia anajua kumharibia soko. Nikaanza kujiharibia soko. Nilichechemea nikizunguka ua. Mchicha niliutupa nyuma ya tangi. Wali niliupitisha kwa mwenzangu wa kushoto. Mswaki nikauacha, na aliposema fungua kinywa nilifungua nikijitahidi ninuke. Sigara nilizidisha. Jumatatu baada ya Jumatatu mzani ulishuka, na Mwangangi aliutazama huku uso wake unakunjamana, nami ndani nilifurahi, maana kila ratili iliyopungua ilikuwa imepunguza bei yangu. Nilikonda mpaka kikoi kikahitaji kamba. Nikishika mbavu zangu kitandani nilijiona nimeshinda.

Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyofanya kazi. Hakuna uliponiambia nijiue. Ulinifundisha kujilinda, na kwa kujilinda nikawa nakwisha.

Mvua za gu, masika yetu, zilikuwa karibu Farah alipokuja. Alikuwa ameomba ruhusa, akangoja langoni, akapekuliwa, na maziwa aliyoniletea yalikuwa yamemwagwa nusu ili waone kilichomo chini. Aliniona akasimama. Nilimwona anataka kulia, nikafikiri anaigiza.

"Walaal, ndugu yangu," alisema, "umekuwaje?"

Nikatazama pembeni. Muuguzi mmoja alikuwa anafagia karibu.

"Nuur anasema gu ikinyesha wataondoka. Amepata ruhusa ya kuwahamishia Masalani, kwa jamaa zake. Habiba hataki kwenda. Anakungoja, wallahi anakungoja. Lakini dresa anasema ukiendelea kukonda hivi hakuna daktari atakayekuachia utoke. Kwa nini huli, Dekow?"

Nilitaka kumwambia. Kwa mdomo sikuweza, fagio lilikuwa limesimama. Nikachukua shuka ya Farah begani kwake, nikaitupa juu ya mikono yetu, nikamshika mkono. Alishtuka, kisha akaelewa, maana mkono wa kazi haushangai kwa muda mrefu. Nikamuuliza kwa vidole kama ninavyomuuliza siku zote mnyama akiwa wa mtu mwingine: wamefikia bei gani? Farah alinitazama haelewi. Nikajinyooshea kidole kifuani kwa mkono mwingine, nikarudia. Huyu hapa. Wamefikia wapi?

Nikaona uso wake ukivunjika polepole. Machozi yalimtoka hata fagio likageuka kututazama. Kisha chini ya shuka akafungua kiganja chake chote na kukilaza wazi juu ya changu, akakiacha pale. Hauzwi. Anarudi kwa mwenyewe.

Sikuamini. Nilitaka kuamini, na hilo ndilo lililonifanya nisiamini. Lakini nilikumbuka jinsi kiganja kile kilivyokuwa na joto.

Farah alikwenda moja kwa moja kwa Mwangangi, akamweleza habari za shuka na vidole vya sokoni. Niliwaona kupitia dirisha. Mwangangi alisikiliza, akavua saa yake, akaitazama, akaivaa tena.

Asubuhi yake hakutuzungusha ua kwanza. Alikuja akaketi nami kwenye benchi, wengine wakiwa bado wanapiga mswaki. Sikutazamia atakalofanya. Alijifunika mkono wake mwenyewe kwa taulo, akauweka magotini mwangu, kiganja kikitazama juu.

"Nipime wewe, Bwana Dekow," alisema. "Sikujua kwenu mkono una kazi hiyo. Weka vidole hapa, kuna kitu kinapiga. Hesabu mpaka mshale wa sekunde umalize mzunguko."

Nikaweka vidole vitatu. Vyangu vilikuwa vinatetemeka kwa sababu ya vidonge, nikapoteza hesabu. "Basi anza tena," akasema. "Wakati wote hesabu mara mbili, uchukue ya pili. Hata mimi mara ya kwanza hukosea."

Nikahesabu tena. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa hiyo nataka uelewe vizuri. Mimi nimeshika mikono ya wanunuzi maelfu. Mkono wa mnunuzi umetulia. Una haraka wakati mwingine, una tamaa, lakini hauna hofu, kwa sababu yeye ndiye anayechagua. Mkono huu ulikuwa unapiga mbio. Hajazunguka ua, hajabeba kitu, ameketi tu kando yangu kwenye kivuli, na mshipa wake unakimbia namna nilivyouona kwa ndama aliyezungukwa na watu.

"Hukukimbia," nikamwambia. "Mbona unapiga hivi?"

Alitazama mlango wa wodi aone kama wenzangu wanatoka.

"Nakuogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Nawaogopa nyote. Nilipopangiwa Garissa mama yangu alilia siku tatu. Nikija kazini asubuhi nahesabu hatua mpaka langoni. Mkizunguka ua na kunyamaza nyuma yangu, nafikiri mmepanga kitu."

"Sajenti hanunui?"

"Kununua nini? Ana kidonda hakiponi. Naye nikamwambia apunguze sigara, hasikii."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Guhad aondoke. Nilikuwa nimeshika mkono wake bado, na nilihisi mshipa ukipunguza mwendo kidogo kidogo chini ya vidole vyangu. Mtu hawezi kuutuma mshipa wake uongo. Mdomo utautuma, na macho, na hata vidole vya dalali, ila ule mshipa hapana.

Usidhani nilipona pale pale. Siku hiyo nilikula nusu ya wali, nusu nyingine nikampa jirani kwa tahadhari. Vidonge nilivimeza nikivitazama kwanza mwangani. Lakini nilizunguka ua bila kuchechemea, na Jumatatu iliyofuata mzani ulikaa pale pale, na ile iliyofuata ukapanda kidogo. Mwangangi akanipa kazi: tukimaliza mazoezi, mimi ndiye nawapima wenzangu mapigo na yeye anaandika. Walikubali mimi niwashike. Waliniuliza tu, taulo la nini? Nikawaambia ni mila.

Gu ikanyesha. Mto ukajaa, na barabara ya Masalani ikakatika, nikaona Mungu amenipa muda. Mchicha ukaota mpaka tukachoka kuula. Niliacha miraa, na hilo lilikuwa gumu kuliko vyote, sikudanganyi, majuma mawili nilikuwa namchukia kila mtu kwa zamu. Sigara zikafika mbili kwa siku. Na katikati ya mvua lori la msafara likarudi, akashuka Guhad, amenenepa, amevaa viatu vipya, anashangaa kwa nini tumekodoa macho.

"Tulidhani umekwisha," nikamwambia.

"Nilidhani hivyo pia," akasema. "Kule nako wanapima mzani."

Nilimshika mkono, vidole vitatu, mara mbili. Alikuwa hai.

Niliachiwa mvua zilipokwisha. Daktari alisema vidonge nisiviache maisha yangu yote, na kutembea nisiache, na nirudi kila mwezi. Mwangangi alinisindikiza mpaka langoni akihesabu hatua, safari hii kwa sauti, ili nicheke. Barabara ya Masalani ilikuwa imeanza kukauka. Nuur alikuwa ametangaza siku ya kuondoka.

Nikaenda sokoni. Nilikaa mahali pangu pa zamani, shuka begani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Askari walikuwa langoni kama zamani. Watu walinisalimu vizuri, waliuliza hali, kisha wakapeleka wanyama wao kwa wengine. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao nisingenipa hata kidole. Farah alisema, "Nikupe mkono mimi, Nuur aone." Nikamkatalia. Farah ni damu yangu, na Nuur angejua.

Siku ya nne Nuur mwenyewe aliingia na dume jekundu. Ndani ya ua wa miiba hakukuwa na malisho, na safari ya Masalani haikuwa ya kwenda na ng'ombe aliyekonda. Alipita madalali wote. Alisimama mbele yangu, bakora mkononi, akatazama mikono yangu magotini. Ilikuwa inatetemeka. Nikafikiri amekuja kuhakikisha kwamba sijapona ili aende kwa amani, na ninakiri kwamba hata sasa sina uhakika kwamba sivyo.

Nyuma yake, kwenye uzio wa soko, niliona nguo ya Habiba, na Kaltuma amepanda juu ya jiwe ili aone.

"Unatetemeka," Nuur alisema.

"Ni dawa," nikasema. "Haitaacha. Ukinipa mkono nitabonyeza kila neno mara mbili. La kwanza usilisikie, ni la dawa. La pili ndilo langu."

Yule mteja wangu wa zamani, niliyemponza, alikuwa amesimama kando ya kisima, anatazama. Nuur akaweka bakora chini, akachuchumaa, akaingiza mkono wake chini ya shuka yangu.

Nilimuuliza habari za mvua. Alinijibu habari za mvua. Chini, vidole vyangu vikatikisika ovyo mara ya kwanza, nikavikusanya, nikabonyeza mara ya pili: dume lake anataka lifike bei gani?

Nikangoja. Mkono wa Nuur ni mgumu, hautetemeki hata kidogo, hauna sababu yoyote ya kurudia neno. Akabonyeza jibu lake. Kisha, taratibu, ili nisikosee, akalibonyeza tena.

Sikuweza kumwona vizuri kwa machozi. Nilitazama pembeni, kama kazi inavyotaka, na pembeni ndipo alipokuwa Habiba.

Ni miaka sasa. Vidonge nameza, ua wa nyumba yangu nauzunguka mara nne kila asubuhi na majirani wamezoea. Nikimaliza, Habiba ananiketisha, anatupa kanga juu ya mikono yetu, anaweka vidole vitatu. Nilimfundisha mwenyewe. Anahesabu mara mbili, midomo ikicheza, macho pembeni, halafu haniambii amepata ngapi. Mimi namtazama kwa shaka, kama ninavyomtazama kila mtu. Naye, akimaliza, anafungua kiganja chake na kukilaza wazi juu ya changu.